Uzi: Siku nne Burren, Ayalandi. Msipite mbio kuwahi miamba ya Moher, shukeni njiani

#1 Mdigo wa Chumbageni

Wakuu, salaam. Mwezi uliopita kuna mtu aliuliza humu Ayalandi kuna nini cha kuona nje ya Dublin. Akajibiwa "miamba ya Moher", yale magenge marefu ya baharini, uzi ukafa hapo hapo. Mimi niko Galway kwa masomo tangu Septemba, na mwanzoni mwa Mei nilipata siku nne za kupumua. Jibu lile lilikuwa nusu, ndiyo maana naandika. Mabasi ya watalii yanatoka Galway asubuhi, yanakatiza Burren kama yanafukuzwa, abiria wanapiga picha dirishani, jioni wamerudi kulala mjini. Mimi nilishuka njiani.

Burren iko kaskazini mwa kaunti ya Clare, magharibi kabisa ya nchi, ng'ambo ya ghuba ukiwa Galway. Jina lake ni la Kiayalandi, Boireann, mahali penye mawe, na walioliita hivyo hawakukosea. Vilima vizima viko uchi, rangi ya majivu, ngazi juu ya ngazi mpaka kileleni. Mwaka 1651 Edmund Ludlow, jemadari wa jeshi la Cromwell, Mwingereza aliyeivamia Ayalandi, alipita huko akalalamika kwamba hakuna maji ya kumzamishia mtu, hakuna mti wa kumnyongea, wala udongo wa kumzikia. Hapo unajua kabisa jamaa alikwenda kufanya nini.

Nilifikia Ballyvaughan, kijiji kilicho ukingoni mwa ghuba: njia panda, gati la zamani, baa, maduka machache, basi. Kutoka Galway ni kama kilomita 50, basi namba 350 linakufikisha. Gesti yangu ni nyumba ya mama mmoja mtu mzima, chumba juu, chai chini. Alinikaribisha kwa swali ambalo sikulitegemea: "Umekuja na viatu vya namna gani?" Nikamwonyesha raba zangu. Akazitazama, akanyamaza, akanimiminia chai.

Kesho yake nikamwelewa. Lile jiwe limekatika vipande kama vigae vikubwa, na kati ya kigae na kigae kuna ufa. Ufa mwingine unaingiza kidole, mwingine unameza mguu mzima. Unatembea macho chini. Lakini ukichungulia ndani ya hizo nyufa ndipo unaona bustani ilipojificha: kangaga, majani mapana ya kijani, maua, yote yamejikinga upepo. Juu mawe matupu, chini shamba.

Sasa hapa ndipo niliposhikwa. Nilipiga goti kufunga kamba ya kiatu, nikaona kwenye jiwe, karibu na goti langu, alama ninazozijua. Vitundu vidogo vidogo vimepangana kama sega la nyuki. Matumbawe! Wakuu, mimi nimekulia Tanga. Nyumba ya bibi yangu ukutani ilikuwa na mawe ya namna hii hii, chokaa ikibanduka tunayachokonoa kwa misumari. Nikakaa chini kabisa. Jiwe la Burren ni chokaa iliyojijenga chini ya bahari ya joto, kina kifupi, miaka milioni 330 hivi iliyopita, wakati kipande hicho cha dunia kilikuwa karibu na ikweta. Nimesafiri mpaka kwenye mvua na upepo wa Atlantiki kukutana na ukuta wa bibi.

Naendelea baadaye, nina darasa.

#2 Kiboko Yao

Yaani mkuu umelipa nauli yote hiyo ukaangalie MAWE? Njoo Mwanza, tunayo bure, mengine yamekaa moja juu ya jingine na hayaanguki.

#3 Nyanya Chungu

Nafuatilia. Hapo kwenye nyumba ya bibi umenigusa. Endelea, na picha usisahau.

#4 Msafiri Maskini

Mkuu swali la haraka: nina visa ya Schengen, naweza kuingia huko nikitokea Paris? Na gari wanaendesha upande gani?

#5 Mdigo wa Chumbageni

@Kiboko Yao mawe ya Mwanza ni graniti, yametoka motoni. Haya yametoka baharini. Ukitaka ndugu yao nenda mapango ya Amboni, nayo ni chokaa. Ila na graniti ipo Burren kidogo: kuna mawe makubwa yamekaa peke yake juu ya chokaa kama mgeni aliyesahauliwa stendi. Barafu ya kale iliyabeba kutoka ng'ambo ya ghuba, ikayeyuka, ikayaacha hapo hapo.

@Msafiri Maskini hapana. Ayalandi haimo Schengen ingawa wanatumia yuro, visa yao unaomba peke yake. Na ukivuka kwenda Belfast hiyo ni Uingereza, visa nyingine tena, hata kama mpakani hakuna mtu wa kukusimamisha. Gari ni kushoto kama kwetu, na soketi za umeme ni zile zile za pini tatu, chaja yako itaingia. Lakini barabara za ndani huko ni nyembamba, ukuta huku ukuta kule, nyingine zina majani katikati. Mkikutana mmoja anarudi nyuma. Na kila dereva unayepishana naye anakunyanyulia kidole kimoja cha shahada bila kuachia usukani. Mara ya kwanza nilidhani nina kosa, taa imewaka au nini, nikaiangalia baiskeli niliyokodi yote. Kumbe ndiyo salamu. Baada ya hapo nikawa nanyanyua na mimi.

SIKU YA PILI. Nilikodi baiskeli nikapanda barabara ya kusini. Unapita pango la Aillwee, lililogunduliwa mwaka 1940 na mchungaji aliyekuwa akimfuata mbwa wake. Ndani walikuta mifupa ya dubu, na siku hizi Ayalandi haina dubu wa porini hata mmoja. Nililipita, sikuingia, nilitaka kuwahi mbele.

Mbele kidogo ni Gleninsheen. Mwaka 1932 kijana mmoja alikuwa akiwinda sungura, akaona kitu kinang'aa kwenye ufa wa jiwe. Akakitoa. Pale nyumbani wakadhani ni pambo la jeneza la zamani, wakakiweka tu. Kumbe ni kola ya dhahabu ya shingoni, ina zaidi ya miaka 2,500, leo iko makumbusho ya taifa Dublin. Nilichungulia nyufa kama ishirini pale. Sikupata kitu, msiniombe mkopo.

Kisha Poulnabrone. Hili ndilo kaburi la mawe mnaloliona kwenye kadi za posta: mawe membamba yamesimama, juu yake limelazwa bamba kubwa limeinama kidogo. Ukilitazama kwa mbali unadhani meza. Mabasi yanasimama dakika 15 hapo, watu wanashuka, wanapiga picha, wanapanda. Mimi nilikaa saa mbili hivi, nikala mkate wangu, nikasoma vibao.

Walichimba hapo miaka ya 1986 na 1988, baada ya jiwe moja kuonekana limepata ufa. Wakakuta mifupa ya watu zaidi ya thelathini, wakubwa kwa watoto, waliowekwa humo kwa karne kadhaa kuanzia miaka kama 3800 kabla ya Kristo. Wengi hawakufika miaka thelathini. Migongo na mabega yao yanaonyesha kazi ya kubeba. Mmoja alikuwa na ncha ya silaha ya jiwe imebaki ndani ya mfupa wa nyonga. Na yupo mtoto mchanga wa kiume: mwaka 2020 watafiti walisoma vinasaba vyake wakakuta alizaliwa na hali ya Down, ile ya kromosomu moja ya ziada. Mifupa yake ilionyesha alinyonyeshwa. Aliishi miezi michache, wakamzika kwenye kaburi hilo hilo la watu wao, miaka 5,500 hivi iliyopita.

Nilimaliza mkate wangu polepole sana baada ya kusoma hicho kibao.

#6 Mama Pacha

Alinyonyeshwa. Ee Mwenyezi Mungu. Nimerudia kusoma mara tatu. Mimi wa kwangu ana miaka tisa, na kuna ndugu zangu wa damu mpaka leo hawampakati.

#7 Nyanya Chungu

@Mama Pacha pole mama. Mpakatie huyo mjukuu kwa niaba yangu.

#8 Ole wa Monduli

Mkuu unaongelea mawe, mimi nauliza mifugo. Nimeona kwenye picha zako kuna samadi ya ng'ombe juu ya hayo mawe. Wanakula nini huko?

#9 Mdigo wa Chumbageni

@Ole wa Monduli nilijua lazima utaiona samadi. Sikia sasa, hiki kitu kitakufurahisha. Sehemu nyingi za dunia yenye milima mfugaji anapandisha mifugo juu kiangazi, baridi ikija anaiteremsha. Burren wanafanya kinyume! Ng'ombe wanapanda vilimani mwishoni mwa Oktoba, wanakaa huko juu baridi yote, na majira ya kuchipua wanateremshwa.

Mwenyeji mmoja mwenye shamba alinieleza akiwa ameegemea geti. Chokaa inashika joto la kiangazi na kulitoa taratibu. Juu ni pakavu, maji hayatuami, yanazama kwenye nyufa, kwa hiyo ng'ombe halali kwenye tope. Maji ya chemchemi yamebeba chokaa, mifupa ya ndama inakaza. Na nyasi hazikuguswa kiangazi chote, zipo. Akasema ng'ombe akilala juu ya kilima kile amelala kitandani, akilala bondeni amelala bafuni.

Sasa faida nyingine: ng'ombe wakila zile nyasi ngumu wakati maua yamelala ardhini, ikifika Aprili na Mei jua linaifikia ardhi, maua yanatoka. Kuna ua dogo la buluu linaitwa gentian, kubwa kama kifungo cha shati tu, lakini buluu yake sijaiona mahali pengine. Ni ua la milima ya baridi. Linaota hapo futi mbili kutoka kwenye mimea inayopenda joto la kusini mwa Ulaya, na karibu usawa wa bahari.

#10 Ole wa Monduli

Hiyo nimeielewa kabisa. Kwa hiyo ukiwafukuza ng'ombe kulinda maua, maua yanakufa. Waje watufundishe hapa kwetu, kuna watu wanahitaji kusikia.

#11 Dada wa Ennis

Nimeuona uzi nikaona nijisajili. Mimi ni muuguzi, naishi Ennis mwaka wa sita sasa, Burren ni nyuma ya nyumba yangu.

@Ole wa Monduli umegonga penyewe. Zamani kidogo wakulima wengi walianza kuwaweka ng'ombe mabandani wakati wa baridi, wakawalisha majani yaliyosindikwa, na vilima vikaanza kuzibwa na vichaka. Mwaka 2005 ukaanza mradi, BurrenLIFE, wa kukaa na wakulima wenyewe. Baadaye ukaja mpango ambapo shamba la malisho linapewa alama kuanzia 1 hadi 10, na mkulima analipwa kulingana na alama. Akitunza vizuri zaidi, anapata zaidi. Na kila Oktoba mwishoni watu wanakusanyika kuwasindikiza ng'ombe kupanda mlima, watoto wa shule, wazee, mbwa, wote. Nimewahi kwenda, nilipoteza bereti yangu kwenye upepo.

@Mdigo wa Chumbageni nina mawili. Kwanza, umeisahau Carran! Pale kuna ziwa linalokuja na kuondoka. Wanaliita turlough. Mvua zikiwa nyingi maji yanapanda kutoka chini ya ardhi, bonde linakuwa ziwa, bata wanaogelea. Yakishuka, yanazama kwa matundu, ng'ombe wanachunga pale pale. Nilimpeleka shemeji yangu kuliona Julai, tukakuta majani na farasi wawili. Mpaka leo anasema nilimdanganya.

Pili, Moher usiichafulie jina. Ni mita 214 sehemu ya juu, mnara ule wa O'Brien umejengwa 1835, na siku ya jua ukisimama pale unasahau madeni.

#12 Mdigo wa Chumbageni

@Dada wa Ennis karibu sana dada, shikamoo kama umenizidi. Moher nilifika, siku ya tatu. Niliona ukungu. Nilisikia bahari chini, nilisikia ndege wanagombana, nikamwona Mjerumani mmoja amesimama karibu na mimi, yeye naye anatazama ukungu. Tukatazamana. Nikarudi. Kwa hiyo mimi sina ugomvi na Moher, sijawahi kuiona!

SIKU YA TATU kwa kifupi. Mama wa gesti alikuwa anakwenda Kilfenora kwa dada yake, akanipa lifti. Njia inapanda Corkscrew Hill, barabara inajikunja kama nyoka aliyebanwa, na ukigeuka nyuma unaiona ghuba yote. Wenyeji wanasema ilijengwa miaka ya ile njaa kubwa, watu wakivunja mawe ili wapewe ujira wa kununulia chakula. Njaa ile ilianza 1845 viazi vilipoanza kuoza, ikaua watu kama milioni moja, wengine zaidi ya milioni wakapanda meli. Mama alinyamaza mpaka tulipofika juu.

Kilfenora ni kijiji cha barabara moja, lakini kina kanisa kuu la zamani lenye misalaba mirefu ya mawe iliyochongwa karne ya 12, mingine wameifunika kwa paa la kioo isilike na mvua. Jimbo lake lilikuwa dogo sana, likaunganishwa na Galway, ila kwa utaratibu wa kanisa askofu wa Galway alilisimamia kwa niaba ya Papa. Ndiyo maana wenyeji hutamba kwamba askofu wao ni Papa mwenyewe. Kijiji chenyewe hakijai uwanja wa shule.

Lisdoonvarna nilipita tu. Ni mji wa chemchemi za salfa, na kila Septemba kuna tamasha la kutafutiana wachumba, lina zaidi ya miaka 150. Mabachela wa humu mpo?

Usiku nililala Doolin. Mimi situmii kilevi, nikaogopa kuingia baa, mama akaniambia ingia, agiza chai. Kweli, wakaniletea buli zima. Kona moja watu sita wamekaa duara, hakuna jukwaa, hakuna maiki, wamewapa wasikilizaji migongo. Fidla mbili, filimbi, konsatina (kinanda kidogo cha mkononi), na mzee mmoja na ngoma ya mkono ya ngozi ya mbuzi, duara, anaishika kwa ndani. Nikamwambia jirani yangu, hii kwetu tunaiita dufu, tunapiga maulidini. Akamwambia mzee. Mzee akaniletea ngoma. Wanapiga kwa kijiti, mimi nikapiga kwa vidole. Nilikosea mara mbili, ya tatu nikaingia.

#13 Kiboko Yao

Sawa, nimeanza kuelewa. Lakini chai unayoisifia iko wapi? Wazungu chai yao maji ya moto.

#14 Chebet wa Kericho

@Kiboko Yao usiseme hivyo. Hao Waayalandi ni kati ya watu wanaokunywa chai zaidi duniani, na kwenye majani yao mengi imo ya kutoka kwetu Kenya. Kuna uwezekano mkubwa jamaa alikuwa anakunywa kazi ya shangazi yangu. Na wao wametulipa, Bruda Colm O'Connell ametoka kaunti ya Cork, alikuja Iten kufundisha shule mwaka 1976, akageuka kocha wa riadha, David Rudisha amepita mikononi mwake.

#15 Bi Zuhura

Mwanangu Mdigo, nimefurahi ulikunywa chai. Chakula cha Muislamu je? Nina binti anataka kuja kusoma huko.

#16 Mdigo wa Chumbageni

Shikamoo Bi Zuhura. Galway mjini nyama ya halali ipo na msikiti upo, binti hatapata shida. Vijijini nilikula samaki, mayai, na mkate wao wa kahawia wa magadi, mzito, unashikilia mpaka jioni. Supu yao ya samaki na maziwa ni tamu, ila aulize kwanza, wengine wanatia vipande vya nguruwe.

SIKU YA NNE, nikavuka kwa boti kutoka Doolin kwenda Inis Oírr, kisiwa kidogo kuliko vyote vitatu vya Aran. Kule lugha ya nyumbani ni Kiayalandi. Nimetoka gatini nikaona barabarani pameandikwa kwa rangi nyeupe, herufi kubwa, GO MALL. Nikajua mbele kuna duka kubwa. Nimetembea kisiwa kizima, mall sijaiona! Nikamuuliza kijana mmoja, akacheka mpaka akashika goti. Maana yake "polepole".

Ufukweni kuna meli imekaa juu ya mawe, yote kutu, Plassy, dhoruba iliitupa hapo Machi 1960. Wanakisiwa wakawavuta mabaharia wote 11 kwa kamba, hakuna aliyekufa.

Lakini nilichokwenda nacho nyumbani ni kitu kingine. Kisiwa chote ni kuta. Vishamba vidogo kama vyumba, kila kimoja kimezungushiwa mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, upepo unapenya, unaona mwanga upande wa pili. Na vingi havina geti. Nikawa najiuliza ng'ombe anaingiaje. Akaja mzee na ng'ombe wawili. Akafika mahali ukutani, mimi naona ukuta tu, akaanza kutoa mawe, moja moja, akiyalaza pembeni kwa mpangilio. Pengo likatokea. Ng'ombe wakapita bila kuambiwa. Kisha akayarudisha, kubwa chini, jembamba kwa kusimama, akiligeuza mara moja tu mkononi kabla ya kuliweka. Dakika sita, nilitazama saa. Alipomaliza nikashindwa kuona pengo lilikuwa wapi.

Akaniuliza natoka wapi. Nikasema Tanzania. Akasema dada yake alikuwa sista Afrika Mashariki miaka mingi, akaniambia "karibu" kwa Kiswahili, na "asante", na "funga mlango". Nikamuuliza hilo la tatu kalitoa wapi. Akasema dada yake akija likizo ndilo alilokuwa akiwaambia kutwa, kwa ajili ya upepo.

#17 Nyanya Chungu

"Funga mlango" 😂😂 huyo sista alikuwa wa kwetu kabisa.

#18 Msafiri Maskini

Mkuu kurudi ulirudi vipi? Nataka kupanga bila gari.

#19 Mdigo wa Chumbageni

@Msafiri Maskini hapo usinifuate mimi. Ilikuwa Jumapili, nikasoma ratiba ya siku za kazi, nikakaa kituoni saa moja na nusu nikimngojea asiyekuja. Kosa langu kabisa. Ratiba ya baridi na ya kiangazi ni tofauti, ya Jumapili ni nyingine, soma mstari wa juu kabla ya saa. Dereva wa trekta akanisogeza mpaka njia panda, kutoka hapo nikapata la mwisho.

#20 Dada wa Ennis

Kiangazi kuna basi dogo la bure kutoka Corofin kuingia hifadhi ya taifa ya Burren, linakushusha chini ya kilima cha Mullaghmore. Njia zimewekwa alama za rangi, chagua fupi kwanza. Atakayekuja anitafute inboksi, nitampikia ugali. Na viatu jamani, vya kukaza kifundo.

#21 Mdigo wa Chumbageni

Raba zangu ziliishia Poulnabrone, soli ya kulia ilifunguka mdomo. Mama wa gesti aliifunga kwa kamba ya nguo, hakusema neno, akanimiminia chai.

#22 Mama Pacha

Mdigo, lile kaburi la yule mtoto, mtu anaruhusiwa kuweka ua?

#23 Mdigo wa Chumbageni

Kuna kamba imezungushwa mama, huwezi kuligusa. Lakini mwezi wa tano maua yanaota yenyewe kwenye nyufa, mpaka karibu kabisa na miguu ya yale mawe.